Siku ya Nne Nyumbani kwa Cleora

Imogene Mikuki-Miwili alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa wetu wa ofisini. Akifika nyumbani kwa watu, hashuki garini. Ananiambia nizime injini, tunakaa. Dakika tano, kumi, hata robo saa theluji ikianguka, mpaka pazia lisogezwe na mwenye nyumba amwone. Ndiyo adabu ya kwetu. Mlango wa mtu haugongwi kama anatafutwa na polisi. Mimi, Lavonne, niliyekuwa nikimwendesha kwa sababu kisukari kilikuwa kimekula macho yake, nilikaa pale nikitetemeka na kumlaani kimoyomoyo.

"Dada, wameshatuona. Wanatucheka tu huko ndani," nilimwambia siku moja.

"Waache wacheke. Wakishiba kucheka watafungua."

Na kweli walifungua, kila mara.

Kazi yetu ilikuwa kukaa na familia ambazo jimbo limezifungulia jalada, Walakota wenzetu, wenyeji wa asili wa Marekani, ili watoto wao wasichukuliwe. Mahali petu panaitwa hifadhi, kana kwamba sisi ni nyumbu, na kama nyumbu tunahesabiwa na watu wenye kalamu. Wasaidizi wengine waliingia na fomu. Imogene aliingia na mikono. Moja kwa moja mpaka kwenye sinki, anaosha vyombo hata kama vimeshaoshwa. Hamuulizi mtu amelewa lini mara ya mwisho. Anaanza kumsimulia mlevi fulani aliyekufa miaka thelathini iliyopita, jinsi alivyolala kwenye banda la kuku akaamka na yai limepasukia mfukoni. Watu wanacheka, na kicheko kikiisha mama wa nyumba anaanza kujieleza mwenyewe. Fomu nilizijaza mimi, garini, tukiwa njiani kurudi.

Alikijua alichokifanya, maana yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kuchukuliwa. Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka sita, wakamnyoa, wakampiga kila alipofungua kinywa kwa lugha yake. Mama yake alifariki Imogene akiwa na miaka tisa, na masista wa shule walimwambia baada ya wiki mbili, kwenye foleni ya chakula. Hakuzika, hakugawa. Hilo la pili ndilo lililomkaa kooni mpaka uzeeni.

Kwetu mtu akifa, waliobaki hugawa vitu vyake. Zamani waligawa kila kilichomo nyumbani, hadi kijiko, wakabaki na nguo za mwilini. Siku tatu wanalala kwenye sakafu tupu na kula wanacholetewa na jirani. Siku ya nne watu wanakuja. Huyu na godoro, yule na sufuria, mwingine na gunia la unga. Nyumba inajaa upya kutoka mikononi mwa watu, na mfiwa anajua kwamba hajabaki peke yake duniani. Siku hizi wengi wanagawa nguo na viatu, basi. Imogene aliona huo ni utani. Kutoa ni moyo, si utajiri, na moyo, alisema, hautolewi nusu.

Sasa nifike kwa Cleora, ingawa nikifika hapo mkono unakuwa mzito.

Cleora alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye ulimi mkali na magoti mabovu. Aliishi na binti yake Roxanne na wajukuu wawili, Kimimila wa miaka saba na mdogo wake Wanbli wa miaka mitatu. Jalada lilifunguliwa kwa sababu ya pombe ya Roxanne. Tulikwenda nyumba ile miaka miwili, kila wiki. Imogene akaosha vyombo vyao vyote mpaka maua ya kwenye sahani yakafutika. Roxanne akaacha pombe. Miezi kumi na minane bila tone. Jalada likawa la kufungwa, limebaki jambo moja tu: Paige, binti wa ofisi ya jimbo, aje mara ya mwisho, aangalie nyumba, atie sahihi. Alhamisi, mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Niliiandika tarehe hiyo kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani juu ya meza yangu.

Wiki moja kabla ya hapo, Roxanne akafa. Si pombe. Homa ya mapafu, siku tatu tu, mtu ambaye chupa ilikuwa imeshindwa kumuua.

Tulimzika Jumanne. Jioni ile, watu wakiwa bado wanakula supu na mkate wa kukaanga ukumbini, Cleora alimvuta Imogene jikoni kwake. Alikuwa ameshakata nywele zake kwa kisu, upande mmoja mfupi kuliko mwingine, kama wafiwa wetu wanavyofanya. Mimi nilikuwa nakausha vikombe.

"Dada, nguo zake nitazigawa," Cleora alisema. "Na viatu. Na lile koti alilolipenda. Inatosha, au?"

Imogene aliendelea kuosha. "Wewe unaonaje?"

"Nakuuliza wewe. Si wewe unayelipwa kujua mila?"

"Nalipwa kuosha vyombo, na tena vyako haviishi."

Walicheka, wote wawili, na kicheko cha Cleora kikageuka kilio hapohapo. Imogene alimshika kwa mikono yake yenye povu mpaka akatulia.

"Mimi ningetoa vyote," akasema taratibu. "Nilimkosea mama yangu. Sijapona mpaka leo, dada. Miaka hamsini na ngapi hii, na sijapona."

Cleora alilitazama friji, meza, mlango wa chumba cha watoto. "Vyote vyote?"

"Vyote."

Ningeweza kusema neno. Nilikuwa na kinywa, na kwa kawaida hakinyamazi. Lakini mimi ni mdogo wao, na isitoshe, nitasema ukweli, jambo lile lilinipendeza. Nilikuwa sijawahi kuliona likifanywa kwa ukamilifu wake.

Usiku haujaingia, nyumba ikawa tupu. Kimimila ndiye aliyekuwa akiita majina ya watu mlangoni na kuwakabidhi vitu, kichwa juu, kama mkuu wa ukoo. Kitanda chake alimpa msichana waliyekuwa wamegombana shuleni. Friji lilikwenda kwa kijana aliyeoa juzi. Wazee walilia kuona. Mmoja aliniambia kwamba mara ya mwisho kushuhudia hivyo alikuwa amebebwa mgongoni.

Kuhusu Alhamisi, hakuna aliyekumbuka. Si kweli, mimi nilikumbuka, nikaona imeshajifuta yenyewe. Kwetu msiba unasimamisha kila kitu: mikutano, mashindano, hata kesi. Nani anakwenda nyumba ya matanga na kalamu? Na nani anapiga simu kutangaza msiba, wakati kila mtu kuanzia kituo cha mafuta hadi kanisani ameshajua kabla maiti haijapoa? Namba ya Paige ilikuwa kwenye karatasi ya njano mezani kwangu. Sikuipiga. Sikudhani kuna haja. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu wamekuwa wengi, wananizunguka.

Alhamisi saa nne kamili mlango ukagongwa kwa nguvu. Siku ya tatu. Tulikuwa tumekaa sakafuni, Cleora, Imogene, mimi na watoto, tunakula mayai kutoka sahani moja ya bati aliyoiacha jirani. Paige aliingia na mkoba wake. Alikuwa na miaka ishirini na minne hivi, mwenye adabu zake. Alitazama kuta, akatazama kichwa cha Cleora.

"Roxanne yuko wapi?"

"Tumemzika juzi," Imogene alisema.

Paige alifunika mdomo. Alisema pole, na nadhani ilitoka moyoni. Halafu akaenda chumba cha watoto, akarudi. Akaenda jikoni, akarudi.

"Vitanda viko wapi? Friji liko wapi?"

"Bibi amegawa!" Kimimila alisema, anatabasamu. "Vyote. Hata jiko. Mimi ndiye niliyegawa, siyo bibi."

"Umelala wapi jana, mpenzi?"

"Hapa." Akapigapiga sakafu.

Imogene aliinuka kwa shida. "Mwanangu, kaa kwanza ule yai. Hii ni mila yetu. Kesho ni siku ya nne. Kesho vitu vitakuja."

"Vitakuja kutoka wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani? Nipe majina niandike."

"Siwajui bado."

"Watalala juu ya nini usiku huu?"

"Juu ya makoti yetu, katikati yetu."

"Na vitanda vitakuja vingapi?"

"Sijui, mwanangu. Watu hawaambiwi."

Nililiona jibu lile likianguka juu ya fomu yake na kukosa kisanduku cha kukaa. Nilianza kueleza mimi, haraka haraka, nikamwambia apige simu kwa diwani, kwa padri, kwa yeyote. Kadiri nilivyoongeza maneno ndivyo nilivyoonekana kama mtu anayeficha jambo. Alitoka nje kupiga simu kwa mkubwa wake. Aliporudi alikuwa analia, na machozi yake yalinikera kuliko kitu chochote siku ile. Kama unalia, binti, acha basi. Hakuacha. Wanbli alibebwa akiwa na yai mkononi. Kimimila hakulia, aliuliza tu kama watarudishwa kesho, ili awapokee watu.

Ijumaa watu walikuja. Sijawahi kuona wingi ule. Magodoro tisa. Vitanda vya watoto vitatu, kimoja kipya kabisa na bei bado imening'inia. Mafriji mawili. Blanketi la viraka lenye umbo la nyota, lililoshonwa kwa siku mbili na akina mama wa kanisani, vidole vyao vimevimba. Kila aliyeingia aliuliza watoto wako wapi, na kila mara Cleora alilazimika kujibu. Alipofika mtu wa kumi hivi aliacha kujibu, akawa ananyoosha tu kidole barabarani.

Mnaweza kudhani kwamba mambo yaliishia hapo, kwamba tulipiga picha magodoro, tukapeleka, wakarudishwa. Tulipiga. Tukapeleka. Lakini mtoto akishatoka, kurudi kwake si suala la godoro tena. Waliwekwa kwa familia moja mjini, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari, watu wasio wa kwetu. Kesi ikapangwa mwezi wa sita. Wakili wetu, kijana mzuri, alimsihi Imogene aseme kwamba hakushauri, kwamba bibi alichanganyikiwa kwa huzuni. Mtu aliyechanganyikiwa husamehewa, alisema; mila haisamehewi.

Imogene alisimama mbele ya hakimu na koti lake la kazi.

"Ni wewe uliyemshauri agawe vitanda vya watoto?"

"Ndiyo. Mimi."

"Ulijua kwamba kuna ukaguzi siku ya tatu?"

"Sikukumbuka. Na ningekumbuka ningesema aje siku ya nne."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na karatasi ya njano mkobani. Imogene hakunitaja. Hata alipogeuka kurudi kwenye kiti chake hakunitazama, na alijua.

Hakimu hakuwa mkali. Alisema nyumba sasa inaonekana ina kila kitu, bibi anaonekana ana upendo, na kwamba angependa kuwarudisha watoto mara tu atakaposoma ripoti ya walivyoendelea huko mjini. Cleora alinifinya mkono mpaka mifupa ikalia. Tulipewa nusu saa tunywe kahawa. Cleora aliongea mfululizo kuhusu atakachowapikia, matunda pori ya kuchemsha na supu ya nyama kavu, na kama Wanbli atakuwa bado anakula kwa mkono wa kushoto.

Halafu ripoti ikasomwa. Ilisema kwamba Wanbli hana tatizo. Kimimila, kwa upande wake, mwezi wa tano aliwaita watoto wa majirani na kuwagawia kila alichopewa katika nyumba ile: wanasesere, nguo, viatu, baiskeli. Godoro lake na la mdogo wake aliyakokota mpaka kwenye nyasi na kumwambia mtu yeyote achukue. Alikataa kulala popote ila sakafuni, na Wanbli naye alimlaza hapohapo katikati ya makoti. Siku ya nne alikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele tangu kifungua kinywa, hakula, hakuingia ndani mpaka giza lilipoingia na akabebwa kwa nguvu. Alipoulizwa anasubiri nini, alisema watu. Mtaalamu aliandika kwamba mafunzo aliyoyapata mtoto huyu nyumbani yamemdhuru, na kwamba kumrudisha huko, au hata kumtembelea, kusimamishwe kwanza.

Hakimu alivua miwani. Akasimamisha.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi kando ya maegesho. Ile ilikuwa siku ya mwisho ya Imogene kazini, ingawa hakuna aliyemwachisha. Aliniwekea ufunguo wa ofisi mapajani. Wakili alitufuata, akasimama mbele yetu. Alisema tusikate tamaa, kwamba mtoto alikuwa anamlilia tu mama yake, jambo la kawaida.

"Mama yake tulishamgawia mwezi wa tatu," Imogene alisema. "Yeye mwenyewe alisimama mlangoni, kwa mikono yake. Hilo aliliacha limekwisha. Hapa aligawa kwa ajili ya nani?"

Wakili alimtazama, akanitazama mimi. Niliufumbata ufunguo.

"Kwa ajili yetu, dada," Cleora alisema. "Ametuzika sisi. Na siku ya nne hatukwenda."