Mahali pa Kumweka Mariamu

Arua ya utoto wangu inanukia dawa ya kupigia deki na muhogo wa kukaanga. Dawa ilitoka wodi ya wajawazito, muhogo ulitoka kwa wanawake waliopanga makarai yao nje ya ukuta wa hospitali, na katikati ya harufu hizo mbili mimi na mdogo wangu Mariamu tulikaa karibu wiki tatu tukisubiri saa kumi na moja ya jioni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye minne. Baba alikuwa ametutoa kwetu Koboko pamoja na mama, ambaye mimba yake ilikuwa imefika miezi ya mwisho na presha imekataa kushuka. Baba akawa analala kwenye baraza la hospitali, na sisi wawili akatuacha kwa dada yake, Shangazi Hawa, aliyepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Shangazi alikuwa akitembeza mitumba vijijini, na chumba hicho ndicho kilikuwa pia ghala lake. Kila asubuhi alikifunga kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, nasi tukabaki nje na uji tumboni mpaka jioni.

Kuingia wodini kabla ya saa kumi na moja ilikuwa marufuku. Na saa hiyo ikifika, kulikuwa na sharti la baba. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache, na siku ya kwanza tu alichuchumaa mbele yetu akamnyooshea Mariamu kidole. "Daktari nasema moyo ya mama yenu hapana shtuka," alisema. "Kama huyu nalia mbele yake siku moja tu, kesho iko kwa gari ya Koboko." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma amri iliyotoka juu, na mimi nilijua kwamba baba akishasema hivyo hata yeye mwenyewe hawezi kuibadilisha. Kwa hiyo kazi yangu mwezi ule ilikuwa moja tu: kumfikisha Mariamu kwa mama kila jioni akiwa ametulia, ili kesho yake aruhusiwe tena. Tulipewa nusu saa. Mariamu alipanda kitandani, akalaza sikio kwenye tumbo la mama kumsikiliza mtoto, na mama akamfumua nywele na kumsuka upya hata kama zilikuwa zimesukwa jana.

Sasa niambie, mtoto wa miaka minne utamweka wapi kutwa nzima katika mji usioujua, na mfukoni huna hata sarafu? Koboko swali hilo halikuwepo. Koboko tuliingia ua wowote, tukachezea majivu ya jiko la yeyote, na usingizi ukitushika tuliamka tumefunikwa kanga ya mtu tusiyemjua vizuri. Arua kila kivuli kilikuwa na mwenyewe. Tulikaa kwenye ngazi za hospitali, wafagiaji wakatumwagia maji miguuni. Tulihamia sokoni, chini ya meza za wauza samaki wakavu, wakatutazama mikono muda wote kana kwamba tumekuja kuiba. Nilimpeleka kwenye uwanja wa gofu, zile nyasi nzuri zilizokatwa sawasawa katikati ya mji, Mariamu akajilaza na kuanza kubingirika kwa raha zake. Hatujamaliza hata dakika tano, mwanamume mmoja akaja anakimbia. "Hapa hapana pahali ya watoto," alisema. Mpaka leo sijui nyasi zile zilikuwa zikimngoja nani, maana tangu tulipofika hadi tulipofukuzwa sikuona mtu mwingine akizikanyaga. Nilikuwa mtoto, lakini hasira niliyoipata pale naijua, ndiyo hiyo hiyo niliyo nayo sasa.

Sitadanganya kwamba hatukucheka kabisa. Kulikuwa na duka la kurekodi kanda lenye spika kubwa nje, na mwenye duka hakujali Mariamu akicheza barazani kwake, mradi tusizibe mlango. Na kulikuwa na uwanja wa ndege. Siku hizo watu wa upande ule walikuwa wakikatiza njia ya ndege kwa miguu wakienda zao, na mbuzi walikula majani pembeni bila wasiwasi. Ndege ikikaribia, askari mmoja mnene alitoka na baiskeli na filimbi, akaanza kuwafukuza mbuzi. Akiwatoa upande huu, wengine wanaingia upande ule. Ndege yenyewe haikutushughulisha sana. Tulikwenda kumwona askari. Jioni moja Mariamu alimwigiza mbele ya mama, mashavu yamejaa, anapuliza filimbi isiyokuwepo na kuzunguka vitanda vya wagonjwa akifukuza mbuzi, na mama akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Muuguzi aliyekuja kutunyamazisha akacheka pia. Nilitoka wodini siku hiyo nikijiona nimeuweza mji.

Siku ya balaa ilikuwa katika wiki ya tatu. Umeme ulikuwa umekatika, duka la kanda likawa kimya na mlango umerudishwa nusu. Kwenye uwanja wa ndege tulimkuta yule askari amekaa kivulini amevua viatu. "Leo ndege hakuna," alituambia, na Mariamu akamtazama miguu kwa huzuni. Jua lilikuwa kali. Uji wa asubuhi ulikuwa umekwisha tumboni zamani, na mtoto ameshaanza ile sauti ya puani ambayo kwetu tulijua maana yake. Tulipokuwa tukirudi nikaona turubali jeupe limefungwa uwanjani kwa mtu, viti vimepangwa, sufuria zinatoa moshi nyuma. Mwili wote ulipata nafuu. Kwetu Koboko turubali na sufuria ni karama: watu wanamshukuru Mungu au wanamkumbuka marehemu wao, na mtoto yeyote anayepita ananawa mikono, anakaa kwenye sinia la watoto wenzake, anakula. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Asiyeingia ndiye anayeonekana ana kiburi. Basi nikamnawisha Mariamu uso kwenye bomba, nikamfunga vizuri kitambaa cha kichwa, tukaingia kwa adabu zote tulizofundishwa.

Hata tuliletewa chakula. Msichana aliyegawa sahani hakututazama, akampa Mariamu wali na kipande cha nyama chenye mfupa. Mariamu alikuwa ameshakikamata alipokuja mwanamke mwenye kitenge cha kung'aa na karatasi mkononi. "Kadi yenu iko wapi?" aliuliza. Sikujua kadi ni nini. Nikamjibu kwa heshima kwamba tumekuja karama. Watu wa meza ile wakaangua kicheko. Ilikuwa harusi, watu wamechangia na majina yao yameandikwa, na mimi nimeleta njaa ya Koboko mezani kwao. "Mutoto ya nani hawa?" mwanamke aliuliza huku na huku, na hakuna aliyetujibia. Akaichukua sahani. Mariamu hakuachia ule mfupa, basi mwanamke akamkunjua vidole kimoja kimoja, taratibu, bila hata kukasirika, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Kama angetupiga ningemsahau.

Mariamu alilia kutoka pale mpaka hospitali. Nilimbeba mgongoni, nikamwimbia, nikamwahidi vitu ambavyo sikuwa navyo, nikamfinya, Mungu anisamehe. Nilizunguka ukuta mara mbili nikingoja anyamaze, lakini saa ilikuwa inakwenda na mama alikuwa anatungoja. Tulipoingia alikuwa amepunguza, anapumua kwa kwikwi tu. Kisha akamwona mama akapasuka. Hakuweza kueleza, alinyoosha mikono yake mitupu na kulia, na mama akainuka kitandani haraka kuliko alivyoruhusiwa. Baba alikuwa amesimama dirishani. Asubuhi yake Mariamu alikuwa kwenye gari la Koboko, amekaa mapajani mwa mwanamke jirani yetu, ameduwaa. Jioni nilikwenda wodini peke yangu. Mama aliniuliza, "Mwingine iko wapi?" Akaniuliza hivyo jioni tisa. Siku ya kumi alifariki, na mtoto tumboni.

Simlaumu baba, alifanya alichoambiwa na daktari. Wala yule mwanamke wa harusi sijui ningemwambia nini. Lakini mji sijausamehe. Sasa naishi hapa hapa, unaitwa jiji, una taa za barabarani na maghorofa, na bado sijaona mahali ambapo mtoto asiye na kitu anaweza kukaa kutwa bila kuulizwa ni wa nani. Likizo iliyopita Mariamu alikuja kutoka Koboko na binti yake mdogo. Nilitaka tumtembeze. Tukaenda kwenye bustani moja yenye bembea zilizopakwa rangi, mlinzi akataka kiingilio, na kupiga picha kuna malipo yake mbali. Nikagombana naye palepale. Nilisema maneno mengi kuliko bembea zile zilivyostahili, watu wa boda wakasimama kusikiliza, na mlinzi maskini hakujua nimetoka wapi.

Mariamu alinivuta mkono tukaenda kukaa kwenye ukingo wa mfereji, mtoto katikati yetu. "Wacha, dada," aliniambia. "Siku ile unayoililia mimi hata siikumbuki." Nikamwambia afadhali. Nikamuuliza wodi je, askari wa mbuzi, mama kucheka. Akajaribu kukumbuka, kweli anataka kunifurahisha. Kisha akaniomba nimweleze mama alikuwa na sura gani.