Mtaa Ulipofagiliwa kwa Wageni

Kwetu Mtoni, mvua ikinyesha watu hutapisha vyoo. Mwenye nyumba ya juu hutoboa shimo lake, uchafu ukaondoka na maji, naye akakwepa gharama ya gari la majitaka. Nyumba ya mama iko bondeni, kwa hiyo uchafu wa wote uliishia mlangoni kwetu. Kila masika mama, mwalimu mstaafu, alipanga viroba vya mchanga kizingitini huku akiwasema majirani kwa sauti ya darasani.

Basi mwenyekiti wa mtaa akaleta habari kwamba serikali inatoa ruzuku kwa mitaa midogo, ya kisima na mabomba ya majitaka, na wakaguzi watakuja kuona kama tunastahili. Ungedhani kuna harusi. Tulifagia, tukafukia mitaro kwa mchanga, hata udi ukafukizwa. Msimamizi alikuwa mama. Mgeni haonyeshwi uchafu, alisema, akanipa chokaa nipake ukuta wenye alama za mafuriko.

Wakaguzi walizunguka, wakanywa soda, wakasifu. Kisha mkubwa wao akasema, kwa upole kabisa, kwamba mtaa wetu hauna shida na wapo wanaohitaji zaidi. Mwenyekiti alibaki anatabasamu kama aliyepewa hongera. Mimi nilitaka kulia.

Mama ana haya, hata akiugua huficha. Lakini alisimama, akamkabili yule mkubwa.

"Mwanangu, tumewadanganya. Njoo nikuonyeshe."

Akachukua jembe, akafukua mtaro. Harufu ilipopanda, maelezo hayakuhitajika. Kisha akakwangua chokaa ukutani kwa kucha zake mpaka alama ya uchafu ikatokea, usawa wa kiuno chake. Nilimwonea fahari.

Ruzuku ilikuja kwa mwendo wa serikali, lakini ilikuja. Sasa kisima kipo, na mabomba yamepita nyuma ya kila nyumba. Masika ya kwanza baada ya hapo, mama alipanga viroba vyake kama kawaida, kwa sababu hakuamini. Mvua ilinyesha asubuhi nzima. Tulikaa mlangoni tukiyatazama maji yanavyoteremka. Yalikuwa na matope tu. Mama akainama, akayanusa, akanusa tena. Kisha akaniagiza kisu.

Alivipasua viroba vyote mwenyewe. Mchanga ule, alisema, unatosha kujengea kibaraza cha wageni.