Alois Alionja Kwanza

Mume wangu Alois alikuwa mwembamba, suruali zote alizifunga kwa kamba, na alikuwa na mdomo. Pale kwenye meza yetu ya asali, sokoni Ng'ambo, Tabora mjini, alimwandama jirani yetu Mustafa, muuza chipsi, kutwa nzima. "Kwa kitambi hicho, Mustafa, moyo utakusimama ukiwa unakaanga. Sisi wa asali tutakuja kukuzika."

Asali ya Tabora ina jina, na wenye tamaa wanaichanganya na sukari iliyochemshwa. Mwaka mmoja watu wakatusingizia na sisi kwamba tunachanganya. Nikaweka sheria: mteja akija, muuzaji achote kijiko kwenye ndoo ile ile na kulamba kwanza, mteja amtazame mpaka ameze. Mimi Getruda asali inanichefua, kwa hiyo mlambaji akawa Alois. Siku yenye wateja alimeza vijiko thelathini, arobaini. Hakuna aliyeviita chakula. Ilikuwa kazi.

Akaanza kubanwa kifua akibeba ndoo kutoka Ulyankulu kwenye mizinga. Tukaenda kupima damu, hajala kitu tangu jana yake. Daktari Recheli akasema LDL, ile wanayoiita kolesteroli mbaya, iko kawaida.

"Umeona, Mama Julieth?" Alois akanicheka. "Umenipotezea siku bure."

"Ngoja, baba," daktari akamkatiza. "Trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, zimepita kiwango mara nne. Hapo kwenye LDL nimepima mzigo wa kolesteroli tu, sijahesabu chembe zinazoubeba. Trigliseridi zikiwa juu hivi, chembe hizo mara nyingi huwa ndogo ndogo, tena nyingi. Zinakaa sana kwenye damu, zinajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa na kunasa. Zikinasa zinachacha, kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa wiki nzima. Mwili unapigana nazo, mshipa unavimba kwa ndani, njia inaziba."

"Lakini mafuta sili."

"Na vitamu?"

"Hata chai nakunywa bila sukari." Aliapa kabisa, na hakuwa anadanganya.

Nikataja vijiko. Daktari akaweka kalamu chini. Sukari nyingi namna hiyo, akasema, ini linaigeuza kuwa mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Akaandika vidonge, akanitazama mimi, siyo yeye. "Mama, aache leo."

Aliacha wiki mbili. Wateja wakaanza kuulizana kwa nini mwenye asali haigusi asali yake, wakahamia meza ya pili. Roho iliniuma, nami nikikasirika sina breki. Nikamwita mwoga mbele za watu. Nikasema Mustafa na kitambi chake anaishi, yeye mifupa mitupu anaogopa kijiko. Watu wakacheka. Kesho yake Alois akarudi kulamba.

Miezi minane ikapita hivyo. Najua kijiko kimoja hakiui mtu, daktari amenieleza mara mbili, ni mrundikano wa miaka. Hilo halinisaidii kitu.

Siku hiyo alikuja Mhoja, mfanyabiashara kutoka Nzega, anataka asali ya harusi. Alois alikuwa amekaa, jasho linamtoka na asubuhi bado ya baridi.

"Mama Julieth," akaniambia taratibu, "kifua kinabana. Leo onja wewe."

Nilimsikia vizuri. Niliiona na rangi yake. Nikasema, "Kama ni kufa, uza kwanza."

Mhoja akacheka. Alois naye akatabasamu, akachota, akalamba, akameza. Akataka kuweka kijiko mezani, akaikosa meza. Alianguka kifudifudi. Mustafa aliacha chipsi zikiungua, akambeba mikononi, akampakia kwenye bajaji na kuondoka naye.

Mhoja alikuwa amerudi nyuma hatua tatu. "Hiyo asali ina sumu," akasema, kwa sauti ambayo meza zote zilisikia.

Bajaji ilikuwa bado haijakata kona. Ningeweza kuikimbilia. Nikaokota kijiko, nikakifuta kwa kanga, nikachota kwenye ndoo ile ile na kulamba mbele yake. Nikachota tena. Nilisimama pale nikimeza huku kichefuchefu kimenikaba, mpaka akaridhika.

Akachukua ndoo mbili. Nikamfungia vizuri, nikamtakia harusi njema, ndipo nikamfuata mume wangu hospitali. Nilimkuta ameshafunikwa.