Vitenzi vya Kuzuia

Mdogo wangu alichaguliwa kwenda kidato cha tano Kondoa, na hadi wiki ya mwisho kabla ya kuripoti alikuwa hajafungasha hata soksi. Nikimuuliza, anasema bado. Alikuwa na kazi nyingine: kunifundisha Kiingereza. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, tukabaki wawili. Mwaka huu nikajiandikisha kufanya mtihani wa maarifa, ule wa watu wazima wanaorudi kusoma.

Tulisomea uani kwetu Zuzu, jioni kabla ya kupika, tukimenya karanga za mbegu. Za mbegu hazipondwi. Zinamenywa kwa vidole, moja moja, ili punje isipasuke. Kwa hiyo muda tulikuwa nao.

Siku hiyo tulikuwa kwenye vitenzi vya kuzuia. Vitatu nilivichanganya: prevent, hinder, delay. Akanyoosha kidole zizini.

"Dada, angalia. Mbuzi akikuta miiba imeziba kote, hatoki kabisa. Hiyo ni prevent. Yule mtundu tuliyemfunga kijiti shingoni anatoka, anakula, ila kila kichaka kinamkwamisha. Hiyo ni hinder."

"Na delay?"

"Delay ni wewe Jumapili. Kanisani unafika, lakini mahubiri yamekwisha."

Akanitaka nitunge sentensi ya prevent. Nikaandika, kwa Kiingereza changu, kwamba kifo cha mama kilinizuia kusoma. Aliisoma, akamenya karanga tatu nne.

"Si mama," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa na miaka minne. Ungeniacha na nani?"

Ndipo nikaelewa kwa nini hafungashi.

"Kwa hiyo hutaki kwenda?"

"Nikienda nani atakufundisha? Miaka yote hiyo umekaa nje ya shule kwa ajili yangu. Leo umeanza tu, mimi niondoke?"

Nilifuta prevent, nikaandika delay, nikamsogezea daftari.

"Tazama, mwalimu. Nimechelewa tu, na sasa nasoma, si unaniona? Wewe hukunizuia. Ulipoanza kusoma kwa sauti pale jikoni, mimi nikisonga ugali, ndipo nilipopata hamu ya kurudi. Usiponiamini katika hilo, utanivunja moyo."

Alichukua kalamu nyekundu, akasahihisha makosa yangu mawili, akaweka alama ya vema. Kisha akaingia ndani. Nikasikia tranka likiburutwa kutoka uvunguni.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza mjini kwenye basi la Kondoa. Lilipoanza kusogea, alitoa kichwa dirishani.

"Sentensi tano kila siku, dada. Nikirudi likizo nizikute zote. Usije ukaniambia ulikuwa shamba."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, na abiria wa kiti cha nyuma yake wakacheka.