Sketi ya Kukimbilia

Fundi huyu wa nguo alikuwa na ugonjwa usio na dawa: ukimsifia kazi yake, anaigeuza ndani nje. Mteja akisema tu, "Gauni limenikaa hili," basi, fundi ameshalivuta, ameshalipindua, anaonyesha mishono. "Tazama na huku, mama. Huku ndiko fundi anakojulikana." Na kweli bwana, ndani ya nguo zake hukuti uzi unaoning'inia wala pindo lililopindapinda. Wengine wanashonea macho ya watu. Yeye alishona kama atakayekaguliwa na malaika.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kinachotazama barabara. Cherehani kando ya dirisha, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na vipande vya vitambaa vimejaa kila pembe hadi mgeni haoni pa kukanyaga. Mume wake alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuja na kuondoka. Mtoto wao alikuwa mmoja, binti wa kidato cha pili ambaye mtaa mzima ulimwita Kiberiti: mwembamba, mfupi, na akishawaka humshiki.

Kiberiti alikuwa anakimbia. Sisemi anakimbia kama watoto wote wanavyokimbia wakiitwa kula. Anakimbia mpaka watu wanasimama. Baba yake alipoambiwa alitoa hukumu yake mara moja: "Mtoto wa kike akimbie, anakimbilia wapi?" Akacheka mwenyewe, akapanda lori lake, akaenda zake.

Sasa shuleni kwao kulikuwa na uwanja mmoja, na uwanja huo ulikuwa wa wavulana. Hakuna aliyewahi kutangaza hivyo, lakini kila mtu alijua. Kila alasiri wasichana walichota maji kwa ndoo, wakamwagia njia ya mbio kutuliza vumbi, kisha wakapisha. Wavulana ndio wakaingia, na kaptula zao, na mwalimu wa michezo, na filimbi. Mazoezi ya wasichana yalikuwa hizo ndoo. Mwezi wa mashindano ukifika wanaambiwa haya na nyinyi kimbieni, na wakivurunda watu wanatikisa vichwa: si mnaona, wasichana na michezo wapi na wapi! Hebu niambie wewe, kuna haki hapo?

Juu ya hayo kulikuwa na sheria ya mwalimu mkuu. Msichana wa shule yake hukimbia na sketi, na sketi hushuka chini ya magoti. "Mshindi asiye na adabu si mshindi wangu," alisema kila mwaka akiwa amejishika tumbo. Jaribu wewe kukimbia mizunguko miwili na kitambaa kinachokukamata mapaja kila hatua.

Mwaka huo ilikuja habari. Kulikuwa na shule ya bweni ya michezo, serikali inalipa kila kitu, na kocha wake, mama mmoja mtu mzima, angekuja siku ya fainali kuchukua wanafunzi wawili: mvulana mmoja na msichana mmoja. Kiberiti alirudi nyumbani hata begi hakutua.

"Mama, wanalisha, wanasomesha, na asubuhi wasichana wanapewa uwanja! Wenyewe! Wamepangiwa zamu yao!"

"Nani kakudanganya?"

"Mwalimu wa michezo. Haki ya Mungu, mama. Ila na hii sketi sifiki popote. Inanifunga."

Fundi alimtazama mwanawe, akatazama kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye oda ya shule. Alikaa siku nzima akichora kwa chaki na kufuta. Alichokishona hakijawahi kuonekana mtaani pale. Kwa nje sketi, marinda mapana yanashuka chini ya magoti kama sheria inavyotaka. Kwa ndani miguu miwili imetenganishwa, kaptula kamili, na marinda yanafungukia juu yake msichana akinyanyua goti. Akisimama, sketi. Akikimbia, hashikwi na kitu.

Siku ya mchujo Kiberiti alivaa, akawaacha wenzake nusu uwanja. Mwalimu mkuu mwenyewe alipiga makofi. Fundi alikuwa nyuma ya umati na moyo umemjaa. Alitamani kupiga kelele kwamba ile ni kazi ya mikono yake, lakini alinyamaza, na kunyamaza huko kulimuuma.

Ndipo mke wa mwalimu mkuu alipokuja kuchukua gauni lake, siku mbili kabla ya fainali. Sketi ilikuwa mezani, imetoka kupigwa pasi.

"Ee! Marinda haya umeyalaza kwa rula, fundi?" mama yule akauliza. "Sijaona sketi imekaa hivi."

Angesema ahsante, yakaisha. Angesema ni ya mteja. Lakini mazoea yana tabu. Mkono ulikwenda wenyewe, ukaikamata sketi, ukaigeuza ndani nje. "Tazama na huku, mama. Unaona mguu huu? Unaona ulivyojificha? Hapo nimeumiza kichwa!"

Mama yule alicheka kwa furaha kabisa, akapiga viganja. "Wewe mwanamke ni jini!" Na simlaumu, hakuwa na nia mbaya. Alifika kwake, akamsimulia mumewe wakiwa mezani, kama mtu anavyosimulia kioja kizuri cha mchana. Ulimi hauna mfupa.

Siku ya fainali wasichana walishapanga mstari. Kocha wa bweni amekaa kivulini na wazazi wamejaa pembeni. Mwalimu mkuu akashuka jukwaani taratibu, akafika mbele ya Kiberiti, akasema ili kila mtu asikie: "Nenda kavue hiyo suruali."

Mwalimu mmoja wa kike alimpeleka darasani, akamtoa na sketi ya mlinda goli wa netiboli, msichana mwenye mwili mkubwa. Ilimzunguka Kiberiti mara mbili. Wakaikunja kiunoni, wakaibana kwa pini.

Fundi alipenya watu hadi kwenye kamba. "Mwalimu, nakuomba. Nipe nafasi niipige mishono miwili tu kiunoni. Sindano ninayo hapa hapa. Haitachukua muda."

"Mama," mwalimu mkuu akamjibu, "wewe umeshashona vya kutosha."

Watu walicheka. Wanawake nao walicheka, tena ndio waliocheka zaidi. Fundi alibaki ameshika sindano yake, na sasa alijua nani alisema na nani alionyesha.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza Kiberiti alikuwa katikati ya wenzake, sketi inampiga miguuni. Mzunguko wa pili akaanza kuwapita, mmoja, mwingine, na kocha wa bweni akainuka kitini. Kwenye kona ya mwisho alikuwa mbele. Hapo pini ikaachia.

Sketi iliteremka hadi mapajani. Mtoto aliidaka kwa mikono miwili, akayumba, akasimama. Uwanja wote ukapasuka kwa vicheko na miluzi. Waliokuwa nyuma wakampita kila mmoja. Yeye akamaliza kwa kutembea, amekumbatia kiuno chake, anatazama chini.

Kocha alimwendea mwalimu mkuu. "Yule aliyeshinda mchujo ndiye yupi? Nimesikia habari zake."

"Ndiye huyo. Lakini mchujo tumeufuta, alivaa vazi lisiloruhusiwa. Na leo umejionea mwenyewe."

Kocha alitazama kule alikokuwa Kiberiti. Alitaka kusema neno, ilionekana. Gari lake lilikuwa limeshawashwa.

"Hao waliompita hawafiki kiwango chako, na nafasi isipotee bure," mwalimu mkuu akamsaidia. "Tuna mvulana wa pili, mzuri sana."

Wakaondoka wavulana wawili.

Nyumbani Kiberiti alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakulia. Afadhali angelia. Fundi alimpa maji, akakaa mbele yake, akasema kabla hajaulizwa: "Mimi ndiye niliyeionyesha. Kwa mke wa mwalimu mkuu. Nisamehe, mwanangu. Sikufikiri."

"Najua, mama. Mwalimu aliyenivalisha aliniambia." Alikuwa anazungusha kikombe mkononi. "Silo ninalowaza."

"Unawaza nini?"

"Pale kwenye kona. Ningeiachia ile sketi ningeshinda. Mikono ndiyo iliyonisimamisha, miguu haikuwa na shida. Ningeiacha ianguke, nikakimbia na chupi yangu, nikamaliza. Ilibaki kidogo tu." Akainua macho. "Ningefanya hivyo, mama, ungenipokea hapa nyumbani?"

Tangu mtoto huyu ajue kusimama, fundi alikuwa anamwambia kaa vizuri, funika magoti, shika nguo yako. Alimwambia asubuhi, alimwambia jioni, kama alivyoambiwa na mama yake, na mama yake na bibi. Sasa aliona uwanja ule, wale wanaume, ile miluzi, na binti yake akipita mbele yao nusu uchi. Akaona majirani mlangoni. Akaona lori la mume wake linaingia mtaani.

Jibu lilikuwa ndiyo. Lilikuwepo, alilihisi linapanda kifuani. Lakini lilipita kwanza kwa majirani, likapita kwa mume, likachelewa.

Kiberiti alingoja kidogo. Kisha akaweka kikombe chini, akasema, "Haya, mama," kwa sauti ya upole kabisa, akaenda chumbani kubadilisha nguo.