Singa za Mkonge Kiotani

Siku ya tatu hiyo kuku wa Imakulata hajatia kitu mdomoni. Kifuko chake cha chakula, pale chini ya shingo, kilikuwa kimevimba na kuwa kigumu kama embe bichi. Imakulata alihitaji mafuta kidogo tu ya kukilainisha, lakini mwaka ule wa themanini na tatu mafuta yalikuwa hadithi mtaa mzima wa Ngamiani. Jirani yake, Bi Shahida, akamletea kijiko cha mafuta ya nazi aliyojiwekea ya nywele.

"Mpe, Mama Wilfred. Ndiyo ya mwisho."

Imakulata alimnywesha, akamkanda kifuko mpaka vidole vikafa ganzi. Adhuhuri kuku akakata roho mapajani mwake.

Akampasua kwa hasira, ajue kilichomuua. Ndani akakuta donge la singa za mkonge, zimesokotana kama kamba. Mwenyewe ndiye aliyezitandika kiotani, maana matambara mwaka ule ndiyo yalikuwa nguo. Na vumbi la mkonge huohuo ndilo lililomjaa kifuani mumewe, Ernesti, kibarua wa shamba la mkonge, hata akazikwa.

"Ernesti aliuliwa na shamba," akamwambia Bi Shahida. "Huyu nimemtandikia mwenyewe."