Kitabu cha Kompyuta Zinazozungumza

Mama alipopatwa na kiharusi, niliacha kazi ya saiba, duka la intaneti, kule Kawangware nikarudi kukaa naye chumbani kwetu mtaani Gatwekera. Kaka yangu alikuwa mtu wa mjengo. Alitoka alfajiri, akarudi na simiti kwenye nyusi. Mchana kutwa tulikuwa mimi, mama na sauti za majirani nyuma ya mabati. Hata chooni nilienda mbio.

Kule saiba nilikuwa nimeanza kujifunza kuandika programu. Nilitaka hasa zile zinazofanya kompyuta mbili zizungumze, maana kazi hiyo ningeweza kuifanya nikiwa kando ya kitanda. Video zilimaliza bando la intaneti kabla sijaelewa kitu. Nikaamua kutafuta kitabu.

Jumapili kaka alinishikia zamu, nami nikaenda kwa mama mmoja anayeuza vitabu vya mitumba Kawangware. Cha kwanza alichonipa kilifundisha kuvuta nyaya na kubana plagi. Cha pili kilidhani najua kila kitu tayari. Nilikwama kwenye utangulizi.

Niliporudi Jumapili nyingine kukirudisha, akanivutia kreti. "Kaa hapo usome hiki kwanza. Sitaki uje kunirudishia tena."

Kilianza polepole. Programu moja inasubiri, nyingine inabisha hodi, zinasalimiana, na kila mstari umeelezwa. Nilisoma hadi kivuli kikanihama. Simu ikalia.

"Uko wapi?" Alikuwa kaka. "Mathe ameanguka."

Nilikiacha kitabu pale pale nikapanda boda. Nilimkuta mama sakafuni, ameegemea kitanda, kaka amechuchumaa akimpapasa goti. Kaka alikuwa ametoka kidogo tu kuchota maji. Mama hakuumia, lakini nilimfokea kaka mpaka majirani wakanyamaza.

"Hata wewe si huwa unatoka?" akasema.

"Jumapili tu!"

Mama akageuzia ukuta uso.

Baada ya hapo sikutoka tena. Nilikaa nikiyatazama mabati, nikimsikiliza mama akipumua. Ilifika mahali nikachukia hata buti za kaka zenye matope, kwa sababu zilikuwa zimetembea nje.

Jioni moja alirudi na kitabu kile, amekifunga kwa karatasi ya mfuko wa simiti.

"Yule mathe wa vitabu alikuwa amekuwekea," akasema bila kunitazama. "Ameuliza kama yule msichana aliyekimbia yuko sawa."

Nilimpakulia ugali mwingi.

Programu ya kwanza ilinikataa kwa siku kadhaa kwenye laptopu yangu kuukuu. Kisha asubuhi moja neno nililoandika kwenye dirisha moja la skrini likatokea kwenye lingine. Nilipiga kelele, mama akashtuka.

"Imefanya nini?" aliuliza, ulimi ukiwa bado mzito.

"Imejibu, mama."

"Sasa utapata kazi?"

"Bado. Niko mwanzo mwanzo."

"Haya, nigeuze. Ubavu umechoka."

Nikaweka laptopu chini, nikamgeuza.